Albamu ya Dickey Betts ya 1974: ni country au ni blues, na kwa nini skeli yako haikai

Swali: "Mwalimu habari za siku nyingi. Mimi napiga gitaa la solo kanisani huku Kericho, na nyumbani tumelelewa na country, kwa mzee wangu Jumapili bila country si Jumapili. Juzi rafiki alinitumia albamu ya Richard Betts inaitwa Highway Call, akaniambia huyu ndiye Dickey wa Allman Brothers, ile bendi ya rock ya kusini mwa Marekani. Nimeisikiliza wiki nzima nimechanganyikiwa. Nilitegemea gitaa la kuunguruma, nakuta fidla na banjo. Hii ni country au ni blues? Kwa nini mtu wa rock aende huko? Na nikijaribu kupiga juu yake na ile skeli ya blues uliyotufundisha haikai kabisa, inasikika kama nimekosea. Halafu gitaa langu ni la bei ndogo, usinicheke."

Jibu: Sikucheki hata kidogo ndugu yangu, na masikio yako yako sawa kabisa. Hilo la skeli kutokaa ndilo linalobeba majibu ya yale mengine yote, kwa hiyo naanzia hapo.

Wewe ni mtu wa kwaya, do re mi unaijua. Chukua do re mi fa so la ti, toa fa, toa ti, unabaki na do re mi so la. Ziimbe polepole hizo tano, panda nazo ushuke nazo, utaona unaimba nusu ya kitabu cha nyimbo cha kanisani bila kujua. Hiyo ndiyo pentatoniki meja. Ile niliyowafundisha mimi kama skeli ya blues ni pentatoniki maina, ina do, halafu mi iliyoshushwa nusu toni, halafu fa, so, na ti iliyoshushwa nusu toni. Sasa zilinganishe. Do wanayo wote, so wanayo wote, ugomvi uko kwenye mi. Moja ina mi iliyosimama wima na nyingine ina mi iliyoinama. Kwenye hii albamu kodi nyingi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, zinataka mi ya wima, wewe unakuja na mi iliyoinama unaishikilia hapo hapo, ndio maana inasikika kama mtu ameingia msibani amevaa nguo ya harusi. Hujakosea vidole, umeingia mlango ambao sio.

Tuweke kwenye gitaa. Tumia ufunguo wa E kwa mazoezi, kwa sababu Blue Sky, wimbo wake Betts kwenye albamu ya Allman Brothers ya 1972, uko E na sehemu ya solo inazunguka kodi mbili tu, E na A, hakuna uwanja mzuri wa kujifunzia kuliko huo. Lile boksi lako la blues liko freti ya 12, kidole cha shahada kimelala 12 na kidole kidogo kinafika 15. Lichukue lote kama lilivyo, umbo lile lile, ulirudishe nyuma freti tatu, shahada ikae 9 na kidole kidogo 12. Basi, uko kwenye pentatoniki meja ya E. Umbo halijabadilika, kilichobadilika ni nyumbani. Kwenye waya wa sita, do yako mwanzo ilikuwa chini ya shahada, sasa iko chini ya kidole kidogo. Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi wanapotea, wanahama freti lakini wanaendelea kumalizia sentensi zao kwenye shahada kwa mazoea, na inabaki inaning'inia. Malizia kwenye E. Kwenye waya wa tatu utaipata freti ya 9, kwenye waya wa kwanza freti ya 12. Kaa na hilo siku tatu nne kabla hujaendelea.

Mimi mwenyewe hili sikufundishwa na kitabu. Nilikuwa kijana napiga kwenye bendi ya hoteli pwani, tulikuwa na kazi mbili, Ijumaa usiku blues na rock, Jumapili mchana country kwa wazee wanaokula na familia, na nilikuwa najifunza nyimbo moja moja kwa kaseti, Ijumaa kivyake, Jumapili kivyake, kama kazi mbili ambazo hazijuani. Mzee mmoja aliyekuwa anapiga rizimu alinisikiliza miezi kadhaa akiwa kimya, siku moja tukiwa tunafungasha spika akanishika mkono akausukuma nyuma freti tatu kwenye shingo ya gitaa, akasema piga yale yale ya Ijumaa hapa. Nikapiga. Ikatoka Jumapili. Sijawahi kusahau.

Sasa Betts mwenyewe. Alizaliwa Florida, West Palm Beach, Desemba 1943, akakulia kwenye nyumba yenye bluegrass (country ya fidla, banjo na mandolini), country na western swing (country ya kudansi iliyochanganywa na jazi), akaanza na ukulele ana miaka mitano, mikono ilivyokua akahamia mandolini, banjo, ndipo gitaa. Shika mpangilio huo vizuri maana unakujibu swali la "kwa nini aende huko". Hakwenda, huko ndiko alikotoka. Rock na blues ndizo alizozifuata akiwa mkubwa.

Allman Brothers walijikusanya Jacksonville, Florida, Machi 1969, wakahamia Macon, Georgia. Duane Allman gitaa, Dickey gitaa, Gregg Allman organi na sauti, Berry Oakley besi, na wapiga ngoma wawili, Butch Trucks na Jaimoe, Jaimoe akiwa mtu mweusi kwenye bendi ya vijana weupe, kusini kule, mwaka ule, haikuwa jambo dogo. Kampuni yao ilikuwa Capricorn ya Phil Walden, ambaye kabla ya hapo alikuwa meneja wa Otis Redding, na Macon yenyewe ndiko alikozaliwa Little Richard. Kwa hiyo mji ule ulikuwa umelowa soul na blues. Bendi ilipiga blues za wazee, ya Blind Willie McTell wa Georgia, ya T-Bone Walker, ila kilichowatofautisha ni yale magitaa mawili. Wewe wa kwaya utanielewa haraka: Duane na Dickey walikuwa wanapiga wimbo mmoja kama soprano na alto, mmoja anashika melodi mwingine anatembea naye hatua chache juu au chini, pamoja, pumzi moja. Duane alikuwa zaidi wa blues na slaidi, ile ya kutelezesha kichupa juu ya nyaya, Dickey ndiye aliyeleta ile mi ya wima, ile furaha. Ukisikiliza kanda yao ya Fillmore East, ukumbi wa New York, iliyorekodiwa Machi 1971 jaribu kuwatenganisha kwa mi tu, utaanza kuwajua nani ni nani bila kuambiwa.

Duane akafa kwa ajali ya pikipiki pale Macon, Oktoba 1971. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1972, Berry Oakley naye, pikipiki, mji ule ule. Jaribu kuvaa viatu vya Dickey hapo. Soprano amebaki bila alto. Bendi haikuchukua mpiga gitaa mwingine, wakamchukua kijana wa piano, Chuck Leavell, na mzigo wa gitaa lote ukamwangukia yeye. Albamu iliyotoka 1973, Brothers and Sisters, ilikaa namba moja Marekani wiki tano, na wimbo uliowabeba, Ramblin' Man, ulifika namba mbili, ni wa Dickey, na kabla ya kurekodiwa wenzake waliona ni country mno kwa bendi yao. Unaona alipokuwa amesimama? Ile country yake ndiyo imeibeba bendi, na bado ndani ya bendi ni kama mgeni. Gregg akatoa albamu yake peke yake 1973, na 1974 Dickey akatoa ya kwake, na kwenye jalada akaandika Richard, jina lake la kuzaliwa. Mimi nalichukulia jina lile kwa uzito. Dickey ni wa bendi, Richard ni yule mtoto wa ukulele.

Tufungue albamu yenyewe sasa maana hapa ndipo pana utamu. Nyimbo sita tu. Imerekodiwa Macon kwenye studio za Capricorn, Johnny Sandlin akiwa prodyuza pamoja na Betts. Upande wa kwanza una nyimbo nne za kuimba, Long Time Gone, Rain, Highway Call na Let Nature Sing. Upande wa pili hakuna mtu anafungua mdomo, ni vyombo vitupu, Hand Picked inayokwenda dakika 14 na ushee, halafu Kissimmee Kid. Kama umeanza wimbo wa kwanza ukaenda kwa mpangilio naelewa kwa nini umechanganyikiwa. Anza upande wa pili.

Kwenye Hand Picked alikaa na watu ambao rock hawana habari nayo. Fidla ni Vassar Clements, mtu aliyewahi kupiga na Bill Monroe mwenyewe, yule anayeitwa baba wa bluegrass. Lile gitaa la kulaza lenye pedali, stili gitaa, ni John Hughey, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa nyuma ya Conway Twitty, na najua Twitty kwa mzee wako yupo. Banjo, dobro (gitaa lenye sahani ya chuma tumboni) na gitaa la kavu, lisilo la umeme, ni ndugu wa ukoo wa Poindexter. Na Chuck Leavell kaja na piano yake kutoka kwenye bendi. Wanapeana zamu kama watu wazima wanavyoongea barazani, mmoja anasema yake mpaka amalize, hakuna anayemkatiza, mwingine anaokota neno la mwisho la mwenzake anaendelea nalo. Dakika zote zile na hakuna hata mahali pamoja nimewahi kutaka kuruka mbele.

Ila sikiliza hasa fidla na gitaa wanavyokaa karibu. Mimi naamini, na hili ni la kwangu kwa kusikiliza miaka mingi, kwamba Betts alipata alto wake tena hapo. Nafasi ya Duane hakumpa mpiga gitaa, ameipeleka kwa fidla. Clements ana kitu kimoja ambacho fidla wengi wa country hawana, anateleza kwenye noti kama mwimbaji wa blues, haifiki mi moja kwa moja, anaanzia chini kidogo anaisogelea. Hicho hicho Betts anakifanya kwa kuvuta waya, na Hughey kwa chuma chake kinachoteleza juu ya nyuzi na pedali zinazozivuta. Watatu hao wote wana vyombo vinavyoweza kukaa katikati ya mi iliyoinama na mi ya wima. Piano haiwezi, ina mi ile na mi hii, katikati hakuna kitu. Fidla inaweza, waya uliovutwa unaweza, koo la binadamu linaweza. Na ukienda kwa waimbaji wa zamani wa blues utasikia hapo katikati ndipo wanapoishi, ile mi yao huwezi kuibonyeza kwenye kinanda.

Kwa hiyo country au blues? Nyimbo ni country, na upande wa pili ni bluegrass na western swing, hilo sina wasiwasi nalo na dukani ningeiweka kwenye rafu ya country. Lakini namna ya kutamka ni blues. Mtu wa Kericho akiongea Kiswahili ni Kiswahili, na bado unamsikia ametoka wapi. Betts anaongea country na lafudhi ya mtu aliyekaa miaka miwili na nusu na Duane Allman kila usiku jukwaani. Kusanya pentatoniki meja yote, ongeza ile fa ambayo anapenda kuigusa akipita, halafu mara moja moja, hasa akiwa anarudi nyumbani kwenye do, anadondosha mi iliyoinama kwa haraka na kuisukuma juu kidogo. Mara moja tu. Ikiwa nyingi inaharibika.

Na hizi mbili kutenganishwa kumekuja baadaye, kwa ajili ya kuuza sahani za santuri, za weupe huku na za weusi kule. Jimmie Rodgers wa Mississippi, mfanyakazi wa reli ambaye country yote inamhesabu baba, nyimbo zake nyingi zilikuwa blues zenye yodeli, ile sauti inayorukaruka juu na chini, na 1930 alirekodi moja na Louis Armstrong akiwa kwenye tarumbeta. Kwenye Grand Ole Opry, kipindi cha redio kikubwa kuliko vyote vya country, mmoja wa nyota wa mwanzo kabisa alikuwa DeFord Bailey, mtu mweusi, na harmonika yake. Banjo yenyewe mizizi yake ni Afrika Magharibi. Na wewe wa Kericho una sababu ya kuwa karibu na hili kuliko mimi wa pwani: Rodgers ndiye yule Chemirocha. Sahani zake zilifika kwa Wakipsigis, jina lake likageuzwa kwa ulimi wa nyumbani, na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipopita Kapkatet mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi akawakuta wasichana wanamwimbia Chemirocha, nusu mtu nusu swala. Kama hujawahi kuisikia itafute jioni ya leo. Sauti zile za nyumbani kwenu na sauti tano za do re mi so la, utaona zinasalimiana.

Nirudi kwenye hukumu maana uliniomba ukweli. Albamu hii ina udhaifu wake. Sauti ya Betts ni nyembamba, mimi naipenda kwa sababu haijidai, lakini hawezi kubeba wimbo kama Gregg, na alijua, ndio maana upande wa kwanza kawaweka The Rambos, familia ya waimbaji wa injili, wamjazie nyuma. Wanaimba vizuri sana, mahali pengine vizuri kupita wimbo wenyewe unavyohitaji, inakuwa sukari juu ya sukari. Rain haiko kwenye kiwango cha nyingine. Lakini Long Time Gone sikiliza gitaa linavyoingia baada ya kuimba, na Let Nature Sing inatembea vile bluegrass inavyotakiwa kutembea, haikimbii. Kissimmee Kid ni ya Clements mwenyewe, Kissimmee ni mji wa Florida alikokulia, kwa hiyo kile unachosikia ni wana wawili wa Florida wanapiga stori za kwao. Betts alifariki nyumbani kwake Florida, Aprili 2024, miaka 80, na siku ile mimi sikuweka Ramblin' Man, niliweka hiyo.

Sasa zoezi la pili, likishakaa lile la kwanza. Hili ndilo litakupa ile sauti ya stili gitaa kwenye gitaa lako la kawaida. Bado tuko E. Kidole cha pete weka waya wa tatu freti ya 11, hiyo ni re. Kidole kidogo kilaze freti ya 12 kikamate waya wa pili na wa kwanza kwa pamoja, hapo una so na do. Piga nyaya zote tatu pamoja, halafu vuta ule wa tatu peke yake, polepole, toni nzima, mpaka re iwe mi, na hizo mbili za juu zisitikisike hata kidogo. Mwanzo zitatikisika. Kidole kidogo kitauma na kitataka kwenda na mwenzake, kikatalie. Saidia kidole cha pete kwa kuweka cha kati na cha shahada nyuma yake kwenye waya ule ule, viwe vitatu vinasukuma. Utajua umepata pale kodi ya E itakapofunguka mbele yako kama mlango unaofunguliwa na mtu asiye na haraka. Utajuaje umefika mi sawasawa? Imba mi kwanza kwa mdomo ndipo uvute kuifuata sauti yako, wewe mwanakwaya una faida hapo ambayo wapiga rock wengi hawana. Ukishaweza kufika juu, jifunze kusimama njiani, vuta ukwame kabla hujafika, sikiliza pale, halafu ndio umalizie. Pale njiani ndipo blues ilipo.

Usianze na Hand Picked mazoezini, itakukatisha tamaa kwa kasi yake. Anza na nyimbo za kanisani kwenu, chukua moja ya taratibu yenye do re mi so la, iweke E, na kila mahali pana mi usiibonyeze, ianzie re uivute. Usimwambie mtu unafanya nini. Wakikuuliza umejifunzia wapi ndio uwape albamu.

Na hilo gitaa lako la bei ndogo halina shida, tatizo likiwepo litakuwa nyaya. Wengi mnanunua seti yoyote iliyopo dukani, mnapata nene kisha mnajiona hamna nguvu. Omba seti ya 9, waya wa kwanza wa 0.009, waya wa tatu hapo unakuwa wa 0.016, mwembamba usiovikwa, unavutika bila kukuchana kidole. Kama gitaa lako ni la kavu lenye waya wa tatu uliovikwa shaba, zoezi la kuvuta toni nzima liache kwanza, huo hauvutiki hivyo na utaukata, wewe teleza tu, toka freti ya 11 mpaka ya 13 kwenye waya wa tatu ukiiacha iendelee kulia. Wa fidla naye anateleza, na anafika.